Kisa cha vigae vya mikoko: somo la sanaa, udongo wa horini na moto ulioharakishwa

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika shule moja ya msingi ya serikali, pwani ya Tanzania bara, mahali ambapo mtoto anaweza kutembea kwa miguu kutoka darasani hadi kwenye hori, yaani mkono wa bahari, lenye mikoko. Majina ya shule, kijiji na watu nimeyaondoa, na mambo mawili matatu madogo nimeyabadilisha ili mwanafunzi asitambulike. Mimi ndiye niliyekuwa nafundisha somo la Sanaa na Michezo katika darasa hilo. Maamuzi mengi yaliyoleta hasara yalikuwa yangu, na ndiyo sababu naweza kueleza kila moja lilitoka wapi.

Darasa lilikuwa la tano, wanafunzi 38. Kazi ilikuwa kila mmoja atengeneze kigae cha udongo cha sentimita 15 kwa 15, chenye sura ya kitu alichokiona mikokoni. Vigae vingepachikwa kwenye tangi la maji ya kunawia mikono, ambalo wazazi walikuwa wamelijenga mwaka huo na kulipiga lipu likabaki la kijivu tupu. Mwalimu mkuu alipenda vionekane siku ya wazazi, mwishoni mwa Novemba. Nilikubali palepale, sikuhesabu siku za kukausha.

Nilichagua kigae kwa sababu kinamfaa mtoto wa pwani. Wazee wetu walipachika vyombo vya kauri vya Kichina kwenye makaburi ya Kunduchi, na nakshi za milango ya Unguja zimejaa samaki, mawimbi na maua. Sikutaka watoto waige nakshi hizo. Nilitaka wajue kwamba ukuta wenye sura ya bahari si jambo la kigeni kwao.

Mikokoni, kabla ya udongo

Tulikwenda mara ya kwanza katikati ya Oktoba, maji yakiwa yamepwa. Mikoko ni hifadhi, kwa hiyo sharti lilikuwa kuokota kilichoanguka tu. Karibu wote walirudi na majani ya mkoko wenyewe, kwani nilikuwa nimewaonyesha kigae cha mfano kilichogandamizwa jani.

Darasani tukagundua kwamba jani la mkoko halifai kwa kazi hiyo. Ni nene, laini, lina nta, na mishipa yake haijitokezi. Ukiligandamiza kwenye udongo linaacha umbo la yai lililochongoka, basi. Wanafunzi watatu wakatoka nje, wakachuma majani ya mpera uliopo uani, wakayalaza upande wa chini ukiangalia udongo, na kila mshipa ukatokea. Vigae vyao vya majaribio vilikuwa vizuri mno. Havikuwa na lolote la mikokoni.

Hapo nilifanya uamuzi ambao hadi leo nauona kuwa bora kuliko yote katika kisa hiki. Niliwarudisha horini wiki iliyofuata, na safari hii hakuna kuokota chochote. Kila mmoja alikaa mbele ya kitu kimoja kwa dakika 20 na daftari lake, akachora. Sababu yangu ilikuwa nyepesi: jani linajichapa lenyewe, na mtoto anaweza kulichapa bila kulitazama hata mara moja.

Michoro ikabadilika kabisa. Wengine walichora mizizi ya mkoko inayosimama kama miguu ya mtu anayevuka maji. Wengine walichora mizizi ya mchu, aina nyingine ya mikoko, inayochomoza topeni kama penseli, ambayo mti huo huvutia hewa. Msichana mmoja alilipata tunda lililopasuka la mkomafi, nao mti wa mikokoni, mbegu zake zikiwa zimebanana ndani kama vipande vya mpira uliokatwa. Mvulana mmoja wa deski la nyuma, ambaye baba yake huwinda kaa, alichora tundu la kaa chini ya mizizi na vidonge vya tope vilivyolizunguka. Nilimwuliza kama vidonge hivyo ameviongeza kwa kupamba. Akanijibu, "Hapana mwalimu, ndivyo anavyofanya, anatoa tope kidogokidogo." Nimepita hori lile miaka sita na sikuwahi kuviona.

Udongo

Katika kata yetu yuko bibi mmoja anayefinyanga vyungu na vyetezo. Nilimwendea nyumbani, tukaamkiana, nikamweleza kazi. Alikubali kutusaidia, akanionyesha udongo anaochimba bondeni, karibu na mashamba ya mpunga. Ni mbali, na kuufikisha shuleni kunahitaji pikipiki. Nilihesabu gharama nikachukua magunia mawili tu. Nusu iliyobaki nikaijaza kwa udongo wa kingo za hori, ambao unavutika vizuri mkononi na tungeubeba wenyewe kwa ndoo.

Bibi alipouona ule mchanganyiko aliusugua kati ya vidole, akasema, "Huu una chumvi, mwalimu. Na una vipande vya chaza." Nikamwambia tutaokota vile vikubwa. Hakubishana. Nilipaswa kusimama hapo nimwulize maana ya maneno yake. Sikumwuliza, kwa kuwa nilikuwa na tarehe kichwani.

Tukaukanda, tukachanganya na mchanga, tukausukuma kwa chupa juu ya magunia. Kila pande la udongo tuliliwekea fito mbili zenye unene sawa ili chupa ipite juu yake na udongo utoke na unene wa sentimita moja na robo hivi. Nyuma ya kila kigae walichora mifereji ili saruji ipate kushika, pamoja na mstari wa sentimita 10 wa kupimia udongo utakavyosinyaa. Mstari huo baadaye ulisomeka sentimita 9 na milimita 3, na somo la hisabati la wiki ile lilijipatia mfano wake.

Kisha wakaanza kuinua sura. Walikwaruza sehemu ya kuunganishia, wakapaka uji wa udongo, wakaongeza vipande. Wale waliotazama zaidi waliongeza zaidi. Mizizi ya mkoko ilipanda hadi kigae kikafika sentimita tatu. Tundu la kaa lilizungukwa na vidonge kumi na vitatu, kila kimoja kimeviringwa peke yake. Niliwasifu sana kwa ujasiri wao, na walistahili. Kuhusu unene sikusema neno.

Kukausha

Ilikuwa vuli. Asubuhi jua, mchana wingu, jioni manyunyu. Vigae tulivilaza sakafuni kwenye stoo, juu ya magazeti.

Siku ya pili kingo zilianza kujikunja juu, maana zinashika upepo kabla ya katikati. Tukavifunika kwa kanga kuukuu na kuvigeuza kila siku, vikanyooka. Vitatu vilipata nyufa kubwa. Hivyo tulivirudisha kwenye ndoo ya maji vikayeyuka kuwa udongo tena, kwani udongo ambao haujaona moto haujapotea.

Siku ya tisa uso wa vigae ulikuwa mweupe na mkavu ukiugusa. Siku ya wazazi ilikuwa imebaki wiki moja. Nikaamua tuchome.

Moto wa kwanza

Bibi alikuja na magae ya vyungu vya zamani ya kufunikia. Alichukua kigae kimoja akakiweka shavuni, akakaa kimya kidogo. "Kina baridi," akasema. Akachukua kingine. "Hiki si chungu, mwalimu. Chungu kina tumbo, upepo unaingia ndani na nje. Hiki kimelalia tumbo lake."

Nilimsikia vizuri. Nikapendekeza tuchome nusu tu, vigae 18, kama tahadhari. Alikubali bila furaha. Namlaumu kwa hilo? Hapana. Alikuwa mgeni shuleni kwetu na mimi ndiye niliyemwita. Mtu mzima wa pwani akishasema mara moja kwa heshima, hasemi mara mbili mbele ya watoto.

Tahadhari moja niliichukua sawasawa. Watoto wote walikaa nyuma ya ukuta wa darasa, na hakuna aliyekaribia moto isipokuwa bibi, mimi na mzazi mmoja. Tulipanga vigae juu ya vifuu na makumbi, tukavizungushia kuni, tukafunika kwa magae, na juu kabisa makuti makavu. Makuti hayo yalishika kwa ghafla.

Haikupita robo saa, tukasikia mlio wa kwanza, kama chupa inayopasuliwa ndani ya gunia. Kisha mwingine. Vilipasuka saba. Kwa kuwa magae yalifunika vizuri, vipande havikuruka mbali, na hakuna aliyeumia.

Jioni tulipofukua majivu, saba hivyo vilikuwa vimetoka mabamba mabamba. Sita kati yake vilikuwa vile vyenye mizizi minene na vidonge. Vigae vyembamba vyenye mchoro mwepesi, ambavyo wenyewe hawakuvijali sana, vilitoka vizima. Tundu la kaa lilikuwa vipande vitano. Mvulana yule alivikusanya vyote kwenye shati lake, akavipanga kwenye kizingiti cha darasa kufuata mpangilio wake. Hakulia, hakusema kitu.

Nilichowaambia, na kilichokuwa kweli

Kesho yake niliwaambia darasa kwamba vigae vilipasuka kwa sababu ya mapovu ya hewa yaliyobaki ndani wakati wa kukanda. Ndivyo nilivyofundishwa chuoni, na ndivyo wengi wetu tunavyofundisha. Kwa maneno hayo niliweka kosa mikononi mwa watoto, kwamba hawakukanda vya kutosha.

Msichana wa tunda la mkomafi ndiye aliyenikwamisha. Kigae chake kilikuwa kizima, lakini pembe ilikatika alipoanguka nacho ngazini. Akaniletea pembe hiyo. Katikati yake palikuwa na shimo la povu, kubwa kama punje ya choroko, limepita motoni salama salimini. "Mwalimu, mbona hili halikupasuka?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi kwa bibi, safari hii kuuliza.

Jibu ni maji, na ndiyo ile baridi aliyoihisi shavuni. Uso wa kigae hukauka kwanza, katikati hubaki na unyevu, na kadiri udongo ulivyo mnene ndivyo unyevu huo unavyokawia kutoka. Maji yakifika nyuzi joto 100 yanageuka mvuke, na mvuke unahitaji nafasi inayozidi ile ya maji zaidi ya mara elfu moja na mia sita. Ukipewa muda unapenya taratibu kwenye vitundu vya udongo. Ukiharakishwa na makuti yanayolipuka kwa moto, unajitengenezea njia. Povu la hewa lililo kavu halina nguvu hiyo. Bibi hakutumia hesabu hizi. Alisema tu kwamba vyungu vyake huota moto kwanza, vikizunguka jiko dogo kutwa nzima, ndipo viingizwe.

Nilirudi darasani nikawaambia nilikosea, na kwamba hakuna aliyekanda vibaya. Kazi ile ya kusahihisha ilinichukua dakika kumi, na nadhani ndizo dakika kumi zenye faida kuliko zote katika mradi mzima.

Maamuzi baada ya hasara

La kwanza lilikuwa tarehe. Nilimwomba mwalimu mkuu tusipachike chochote siku ya wazazi. Alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Siku hiyo tulitandika mkeka, tukapanga madaftari ya michoro, vigae 11 vizima na vipande vya vile saba, na watoto wenyewe wakawaeleza wazazi kilichotokea. Wazazi walikaa kwenye mkeka ule muda mrefu. Baba mmoja alimweleza mwanawe jinsi tofali la udongo linavyopasuka tanurini kwa sababu hiyohiyo.

La pili, kukausha kwa mizani. Tulichukua kigae kimoja kilichofinyangwa upya kikiwa na gramu 510, tukakipima kila asubuhi kwenye mizani ya kuazima dukani. Kilishuka hadi gramu 410 hivi, kikasimama. Tulingoja kisishuke siku tatu mfululizo. Vigae vyote sasa vilikaa juu ya uchaga wa fito ili upepo upite chini.

La tatu, unene. Wanafunzi kumi waliofinyanga upya, yaani saba wa motoni na watatu wa nyufa, walisubiri udongo ukaze kiasi cha kucha kuacha alama bila kuzama, wakakigeuza kigae na kukikomba nyuma ya kila sehemu iliyoinuka, ili unene uwe karibu sawa kila mahali. Mizizi ilibaki imesimama kwa mbele, na kwa nyuma kulikuwa na shimo linalolingana nayo.

La nne, udongo. Hao kumi walitumia udongo wa bondeni peke yake, tukauchekecha, na vipande vya vigae vilivyopasuka tukavitwanga kwenye kinu na kuvichanganya humo badala ya mchanga. Udongo uliokwisha kuungua hausinyai tena, na unaacha njia za unyevu kutoka. Wafinyanzi wanalijua hili tangu zamani.

Moto wa pili, na madoa ya Januari

Tulichoma wiki ya mwisho kabla ya shule kufungwa: 17 vilivyobaki vya kwanza na 10 vipya. Vigae viliota moto mdogo tangu asubuhi hadi alasiri, makumbi yakaongezwa kidogo kidogo, makuti yakaja mwisho. Hakuna kilichopasuka. Kimoja cha zamani kilipata ufa tukakitoa. Tukawa na vigae 37, tukavifungia stoo.

Januari nilipofungua mlango, baadhi yake vilikuwa vimebanduka magamba madogo usoni, na chini ya kila gamba palikuwa na chembe nyeupe inayotoka unga. Tisa vilikuwa hivyo, vinne kati yake vibaya sana. Vyote vilikuwa vya udongo wa horini. Hata kimoja katika vile kumi vipya hakikuwa na doa.

Sasa ndipo yale maneno ya bibi kuhusu chaza yakaingia. Sisi ni watu wa pwani, tunajua chokaa inavyopatikana: unachoma matumbawe, unayamwagia maji, yanafura na kuwa unga. Vipande vya chaza ndani ya kigae vilifanyiwa jambo lilelile. Moto ulivigeuza kuwa chokaa mbichi, kisha unyevu wa hewa ya Desemba ukaingia polepole, chembe ikafura, ikausukuma udongo juu yake. Dalili ya kwanza niliiona Novemba, kidoa kimoja kwenye kigae kimoja, nikadhani ni jivu.

Kulikuwa na kipimo rahisi tangu siku ya kwanza. Tone la siki kwenye udongo mkavu: ukitoa povu, kuna chaza au tumbawe ndani yake.

Matokeo

Vigae 36 viko ukutani. Wenye vile vinne vilivyoharibika niliwaachia waamue, na watatu walitaka vipachikwe hivyohivyo. Mmoja alikichukua nyumbani. Fundi aliyekuwa amepima nafasi kwa sentimita 15 alilazimika kuongeza saruji katikati, kwa kuwa vigae vilikuwa vimesinyaa, na kusema kweli mistari hiyo mipana ya kijivu imependeza.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni ile safari ya pili ya mikokoni. Ilitenganisha kuchapa na kutazama, na kila kilicho hai katika vigae hivi kilitoka kwenye zile dakika 20. Lakini niliwafundisha watoto kuutazama mti kwa makini huku mimi mwenyewe siutazami udongo. Bibi aliutazama kwa vidole na kwa shavu, akaniambia mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa natazama kalenda.

Ubaya wa makosa ya aina hii ni kwamba hayakumwangukia kila mtoto sawa. Aliyegandamiza kidogo na kwenda kucheza alirudishiwa kigae kizima. Aliyeinua mizizi yote aliyoiona alirudishiwa vipande. Kama ningetoa alama kwa kigae kilichotoka motoni, kama nilivyokuwa nimepanga, darasa lingejifunza kwamba ni salama zaidi kutotazama sana. Nilihamishia alama kwenye daftari la michoro na maelezo ya mdomo, theluthi moja tu ikabaki kwa kigae chenyewe. Walimu wenzangu wawili hawakukubaliana nami, wakisema kazi ya mikono ipimwe kwa mikono. Hoja yao naipa uzito, ila kwanza ningetaka mwalimu awe ameondoa makosa yake kwenye moto.

Kufinyanga upya kulifaa kwa ufundi na hakukufaa kwa sanaa. Kigae cha pili cha yule mvulana kilitoka kizima, kimekombwa vizuri nyuma, vidonge vyote kumi na vitatu vipo. Ukikiweka karibu na vile vipande vitano unaona tofauti mara moja. Cha kwanza kina vidonge vikubwa na vidogo, vingine vimekanyagwa. Cha pili vinafanana vyote, vimepangwa duara kamili. Alikuwa anakumbuka kigae chake, hakuwa anamkumbuka kaa. Kosa hilo nalo ni langu, kwa kuwa sikumrudisha horini kabla ya kuanza upya. Nilidhani daftari linatosha.

Vile vipande vitano hatukuvitwanga. Alivichukua mwenyewe, na mara ya mwisho niliyopita kwao vilikuwa dirishani.

Mwaka huu udongo wa bondeni umefika mapema, magunia manne. Umechekechwa, umepimwa kwa siki, umelowekwa. Bibi amekubali kuja siku tatu badala ya moja, na ya kwanza atakwenda nasi mikokoni, maji yakipwa.